Kupiga Kambi na Familia Uganda Bila Simu: Mwongozo kwa Wanaoanza

Kila likizo ikikaribia, maswali huja yaleyale. "Watoto watakaaje bila katuni?" "Mama akiugua kijijini nitajuaje?" "Hema linapigwa wapi hasa, kiboko asije akatupitia?" Nimeyajibu mlangoni, msikitini, hata kwenye foleni ya benki siku ya kulipa ada. Sasa nayaandika pamoja, ili mwenye nia apate pa kuanzia.

Nitangulize jambo moja, maana mengine yote yanalitegemea. Familia nyingi zinazoshindwa kuacha simu kambini hazishindwi kwa uchu wa mitandao. Zinashindwa kwa sababu simu ndiyo tochi yao, saa yao, kamera, ramani, pochi, redio na yaya wa mtoto. Mtu akinyang'anywa vitu saba kwa mpigo bila kupewa badala yake, usiku wa kwanza ataifuata simu, na atakuwa na haki. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika nyumbani, wiki moja kabla ya safari.

Wapi, na lini

Kwa mara ya kwanza usiende mbali. Msitu wa Mabira uko kama kilomita 50 tu kutoka Kampala, njia ya Jinja, na usiku mmoja hapo unatosha kuwaonyesha mnachokosa: labda tochi ya pili, labda subira. Baada ya hapo nenda Ziwa Mburo, kama kilomita 230, njia ya Masaka na Mbarara. Hiyo ndiyo chaguo langu kwa wenye watoto. Ni hifadhi ndogo, haina tembo, na mtoto anaona pundamilia, swala pala, pofu na ngiri bila kuzunguka siku nzima garini. Twiga nao wapo tangu 2015, walipohamishiwa hapo kutoka hifadhi ya Murchison Falls. Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, ni zuri mno na halina viboko wala mamba, lakini liko juu, karibu mita 1,950, na baridi ya usiku itawaumbua msipokuwa na blanketi nzito. Lina kina kirefu pia. Mtoto asiingie kwenye mtumbwi bila jaketi la kuokolea.

Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Likizo ndefu ya Desemba na Januari inaangukia vizuri. Kama unaweza kuchagua tarehe, tazama mwezi mwandamo na uende siku zake za mwisho au za mwanzo kabisa, wakati usiku ni mweusi. Sababu utaiona kwenye hatua ya sita.

Msikae chini ya siku tatu na usiku mbili. Siku ya kwanza kila mtu bado anapapasa mfuko, na utamu huanza siku ya pili. Mabira ni majaribio tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Vya kambi ni hema lisilovuja (limwagie maji uani mapema ulipime), turubai moja la ziada, magodoro mepesi, blanketi, vyandarua, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, sanduku la huduma ya kwanza, sigiri na makaa makavu, sufuria mbili, mwiko, panga, jerikani mbili za maji ya kunywa na filimbi moja kwa kila mtoto. Chakula kiwe kile mnachokijua: unga wa posho (ugali), maharagwe yaliyochemshwa nusu nyumbani, njugu za kusaga, matoke, mayai, chai na tangawizi. Kambini si mahali pa kujaribu mapishi mapya na watoto wenye njaa.

Vya kuchukua nafasi ya simu:

- tochi ya kichwani kwa kila mtu, na betri za akiba
- saa ya mkononi, moja kwa kila mtu mzima
- ramani ya karatasi, au njia uliyoichora mwenyewe kwenye daftari
- fedha taslimu, noti ndogondogo
- daftari na penseli za rangi
- simu moja ndogo ya vitufe, ile tunayoiita katochi, yenye laini mpya au laini isiyojulikana na wengi
- kopo kubwa la biskuti lenye mfuniko

Kopo ndilo nyumba ya simu. Msilidharau. Simu iliyo ndani ya begi ni rahisi kuitoa kimyakimya, lakini mfuniko wa kopo hupiga kelele, na kambi nzima inajua.

Hatua ya 1: Fanyeni kikao

Kaeni wote, pamoja na mdogo anayeweza kuongea. Usitangaze amri. Uliza kila mmoja atakosa nini hasa simu ikizimwa, uandike. Kijana wa miaka kumi na tano hatakuambia "mitandao". Atakuambia kuna rafiki anayeongea naye kila usiku, na hilo ni jambo la kuheshimiwa: mpe nafasi amuage.

Kisha andikeni masharti machache. Ya kwetu ni matatu: simu zote zinaingia koponi, za wazazi zikitangulia, katochi inakaa kwa mtu mzima mmoja, hakuna anayefungua kopo peke yake. Kosa ninaloliona sana ni baba kusema "yangu ni ya kazi". Akishasema hivyo, safari imekwisha kabla ya kuanza. Watoto wanatazama mkono wako, hawasikilizi hotuba.

Hatua ya 2: Gawa kazi za simu

Hapa ndipo usiharakishe. Chukua daftari na uorodheshe kila kazi ambayo simu inawafanyia kuanzia alfajiri hadi usiku, kisha kila kazi uipe kitu au mtu.

Tochi na saa ni rahisi. Watu wengi hushika simu kwa nia njema ya kutazama saa tu, na macho yanaangukia ujumbe. Yamenikuta Mburo safari yetu ya kwanza. Nilitaka kujua kama ni saa kumi na mbili, nikakuta ujumbe wa ofisini, nikasogea pembeni kuujibu. Niliporudi jua lilikuwa limezama, na mwanangu mdogo alikuwa bado amesimama pale nilipomwacha, ameshika fimbo aliyotaka nimchongee. Hakulalamika. Alisema tu, "Wamepita viboko wawili, baba, na mtoto wao." Tangu hapo saa ya mkononi ni kitu cha kwanza ninachofungasha.

Pesa. Tumezoea kulipa kwa simu hadi tunasahau noti zinafananaje. Toa fedha mapema, kwa noti ndogo, maana mwenye kuuza kuni au samaki njiani hana chenji ya elfu hamsini. Malipo ya hifadhi ni habari nyingine: getini fedha taslimu hazipokelewi kila mahali, kwa hiyo uliza Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, kabla ya safari, ulipe na ubebe risiti iliyochapishwa.

Picha. Kama mna kamera ya zamani, ichukueni. Kama hamna, mpe mtoto mmoja daftari awe mchoraji wa safari. Mchoro wa ngiri wenye miguu mitano tunao ukutani hadi leo.

Kazi ngumu kuigawa ni ile ya yaya. Mtoto aliyezoea kupewa simu akilia anahitaji mtu, na hakuna kifaa kitakachomfaa badala yake. Kubalianeni mapema nani anamshika asubuhi na nani jioni. Shangazi au jajja (bibi au babu) akija nanyi, mzigo huu hupungua nusu, na hadithi mnapata bure.

Hatua ya 3: Aga watu

Siku mbili kabla, tuma ujumbe mmoja kwa ndugu, kazini na kwenye makundi: kuanzia siku fulani hadi siku fulani hupatikani, mwenye dharura ampigie fulani. Huyo fulani awe ndugu mwenye busara, anayejua tofauti kati ya msiba na umbea. Yeye na mtu mwingine mmoja ndio pekee wenye namba ya katochi. Waachie pia jina la kambi, aina ya gari na siku ya kurudi.

Hili ndilo jibu la swali la mama kijijini. Akiugua, utajua. Ambacho hutajua ni nani kaweka picha gani ya harusi.

Katochi ihifadhiwe imezimwa, iwashwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa dakika tano. Andika ndani yake namba ya kambi, ya ndugu yako, na zile za dharura za polisi, 999 na 112. Mkifika, uliza mtandao unashika wapi. Pengine ni juu ya kilima, na ni vizuri kujua kabla ya kuhitaji.

Hatua ya 4: Fungeni simu njiani, si nyumbani

Ukizima simu sebuleni, kila mtu atakumbuka kitu alichosahau. Sisi tunazifunga Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta, kama kilomita 72 kutoka Kampala. Watoto wanapiga picha ya mwisho, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, kisha kopo linapitishwa. Njia ya Jinja unaweza kuchagua soko la kuku wa kuchoma la Namawojjolo. Pawe mahali pa furaha tu, ili kufunga simu kusifanane na adhabu.

Zima simu kabisa kabla ya kuitia koponi. Simu inayotetemeka ndani ya bati inasumbua kuliko iliyo mkononi. Jaza mafuta Lyantonde ukiwa unaelekea Mburo, na kagua tairi la akiba: miiba ya migunga haina huruma.

Hatua ya 5: Piga hema mchana

Lenga kufika saa tisa, isizidi saa kumi. Huku kwetu karibu na Ikweta jua halina mzaha: likigusa upeo wa macho, muda si mrefu ni giza totoro.

Muulize askari wa hifadhi sehemu ya kupiga hema, hata kama unadhani unaiona. Viboko hutoka majini usiku kula majani na wana njia zao: utaona nyasi zimelazwa, ardhi imekanyagwa kama mfereji mpana unaoelekea ziwani. Usipige hema hapo wala karibu yake. Usipige chini ya tawi kavu, wala bondeni maji yanakokusanyika. Chunguza chini kama kuna msururu wa siafu. Kisha tandika turubai, simamisha hema, na vigingi uvipigilie vikiwa vimelala kuelekea nje ya hema, si wima.

Chakula chote kikae garini, vioo vimefungwa. Ngiri na nyani wanajua hema ni kitambaa tu.

Nguo nazo: Mburo kuna mbung'o, na wanavutiwa na rangi ya buluu na nyeusi. Vaeni kaki au kijani kilichopauka.

Hatua ya 6: Vukeni saa mbili ngumu

Kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu usiku ndipo simu inapolilia kurudi. Chakula kimeliwa, giza limeingia, mikono haina kazi. Safari ile ya kwanza nilimtazama binti yangu mkubwa ameketi kwenye jerikani, kokoto kiganjani. Kidole gumba chake kilikuwa kinaisugua, juu chini, juu chini, kama anayepekua picha. Mwenyewe hakujua anafanya hivyo. Sikumwambia neno, nilimpa mwiko akoroge chai.

Kwa hiyo panga saa hizi mbili kabla. Kwanza chelewesha chakula kwa makusudi: kuchambua maharagwe, kumenya matoke, kusonga posho kwenye sigiri huku moshi ukifuata kila anayehama, yote hayo yanakula muda na yanampa kila mtu kazi. Mtoto wa miaka saba anaweza kutwanga tangawizi. Sahani zioshwe usiku huohuo, ili harufu isiite wageni.

Pili, vitendawili. Anza na vile wanavyovijua. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia mibani." Nanasi. Kisha mwite jajja, au jirani wa kambi, atege vya Kiganda: "Koyi koyi!" nao waitikie "Lya!" Aliyeshindwa anatoa mji, na hapo watoto wanaanza kugombea Mbarara na Fort Portal kama mali ya baba yao.

Tatu, mweso, bao la Kiganda. Huhitaji ubao. Chimbeni mashimo ardhini, mistari minne ya manane, jumla 32, mkaokote kokoto 64. Kazi ya kuokota peke yake inamaliza nusu saa mchana.

Nne, zimeni tochi zote, mlale chali. Hapa ndipo mwezi mchanga unapolipa. Mtoto wa Kampala hajawahi kuona nyota zikijaa hivyo, na wengine hushtuka kwanza. Desemba na Januari kile kishada kidogo cha nyota zilizobanana, Kilimia, kiko juu ya vichwa jioni. Waambie watoto walivyosema wazee: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walijua msimu kwa kutazama juu. Acha kimya kikae. Usikijaze.

Hatua ya 7: Siku ya pili, usiipange sana

Asubuhi tembeeni na askari wa hifadhi. Pale inaporuhusiwa kutembea kwa miguu huwezi kwenda bila yeye, na usijaribu: nyati wapo, chui na fisi wapo. Atawaonyesha unyayo, kinyesi, manyoya, mambo ambayo mtoto hayasahau.

Halafu mchana mzima uache wazi. Watoto watasema wamechoka kukaa. Wataisema mara tatu, nne. Usikimbilie kuwatafutia burudani. Baada ya nusu saa utasikia wanatengeneza mpira wa majani makavu ya mgomba mliyofungia matoke, wanaanza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira. Wazazi ndio hushindwa hapa zaidi kuliko watoto, kwa kuona aibu ya kukaa bure. Kaa bure.

Kuogelea: Mburo hapana, kuna mamba na viboko. Ziwa Victoria lina kichocho kwenye kingo zake. Maji ya kunywa yasiyo ya jerikani yachemshwe hadi yatokote vizuri.

Hatua ya 8: Kulala

Sigiri isiingie hemani. Rudia mbele ya kila mtu, hasa mkiwa Bunyonyi au Sipi, kwenye Mlima Elgon, baridi inapokushawishi. Makaa, hata yale yanayoonekana yamefifia, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza isiamke. Vaeni soksi, jifunikeni pamoja, mnywe chai ya moto.

Kwenda msalani usiku ni wawili wawili, mmoja mtu mzima. Mulika kwanza pande zote kabla ya kutoka. Ukiona macho yanarudisha mwanga, subiri ndani, na kama hayaondoki piga filimbi kumwita askari.

Hatua ya 9: Kufungua kopo

Fungueni mahali mlipofungia, au nyumbani baada ya kuoga. Dereva awe wa mwisho. Piga kwanza kwa yule ndugu mliyemwachia dharura, mengine yasubiri kesho.

Mambo yakienda kombo

*Mvua imewafungia hemani siku nzima.* Hii ndiyo kazi ya turubai la ziada: lifungeni kati ya gari na mti, mkae chini yake. Karata, ludo, hadithi. Radi zikianza, wote ndani ya gari.

*Mdogo analia anataka katuni.* Kwa kawaida ana njaa au usingizi. Mlishe, mbebe mgongoni, tembea naye. Ukimpa simu mara moja "anyamaze tu", utampa siku zote zilizobaki.

*Kijana amenuna.* Mwache anune, lakini mpe kazi ya mtu mzima: moto wote uwe wake, au ramani. Usimwombe acheke.

*Kazini hawakuelewa, katochi inalia.* Jibu, maliza kwa dakika tano, uwaambie familia wazi ulichoongea. Simu ya siri huharibu kuliko simu yenyewe.

*Siafu wameingia.* Msipigane nao. Toeni watoto, vueni nguo na kuwabandua mmoja mmoja, hamisheni hema. Wao wanapita tu.

*Nyani amechukua mkate.* Ni wake sasa. Usimfukuze wala kumnyang'anya, anauma.

*Homa baada ya kurudi.* Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu, mara nyingi kumi hadi kumi na tano. Mtoto akipata joto katika wiki zinazofuata, usimpe dawa ya maumivu na kungoja. Apimwe damu siku hiyohiyo, na mwambie daktari mlilala wapi na lini.